Ufundi wa Kubahatisha

Mtu abahatishaye katika mchezo hupoteza mchezo wake mwenyewe. Mtu abahatishaye katika kazi hupoteza mali ya mwingine, kisha hudai ujira kwa kuipoteza. Tofauti hii ni kubwa, walakini haionekani upesi, kwa kuwa mbahatishaji wa kazi huvaa nguo za fundi, hushika spana ya fundi, na huitwa fundi na watu wote. Insha hii yaandikwa kuishitaki tabia hiyo mbele yako, msomaji kijana, ili uiamue wewe. Nimechagua kesi moja tu, ambayo hutokea mara nyingi kando ya njia zetu za Eastlands katika Nairobi: kesi ya gari ambalo leo huwaka na kesho hukataa.

Ikiwa kwenu ni Umoja, Kayole, Buruburu, Jericho au Makadara, yamkini umekwisha kuisikia sauti ya gari la namna hiyo. Mwenye teksi huingia garini saa 11 alfajiri, akageuza ufunguo. Taa za mbele zawaka, redio yaimba, honi yalia. Lakini injini haizunguki. Husikika mlio mmoja, ta, chini ya boneti, kisha kimya. Hugeuza mara ya pili na ya tatu bure. Mara ya nne injini yanguruma kana kwamba haikuwa na neno. Mtu huyo huenda kazini akishukuru, lakini moyo wake hauna amani, maana hajui gari litamwacha wapi: Gikomba penye msongamano, au Barabara ya Jogoo usiku, au mbele ya lango la hospitali na mgonjwa kitini. Gari lililokufa kabisa lina unyofu wake. Husema kweli kila uliulizapo. Hili husema ndiyo na siyo kwa kinywa kimoja.

Sasa tazama lifanywalo. Fundi wa kwanza hulitazama gari kidogo, akasema betri imechoka. Betri mpya yanunuliwa, na kwa siku 9 gari lawaka vizuri. Siku ya 10 lakataa. Fundi wa pili asema ni stata, yaani mota ndogo ya umeme iizungushayo injini hata iweze kujiendesha. Stata kuukuu iliyotoka Japani yatafutwa Barabara ya Kirinyaga, yafungwa, na gari lawaka kwa wiki 2. Wa tatu ahukumu altaneta, mashine ijazayo betri umeme gari liendapo. Wa nne ahukumu swichi ya ufunguo. Mwishowe mwenye gari ana vipuri 4 vigeni juu ya maradhi yale yale ya kwanza, na karo ya mwanawe imekwisha kugeuka kuwa vyuma. Mfano huu nimeutunga ili kufupisha maneno, lakini waulize wenye magari wa mtaa wenu kama ni mgeni kwao.

Pengine utauliza: kama mafundi wote 4 walikosea, mbona kila kipuri kilionekana kuponya kwa siku chache? Hapo ndipo penye fumbo la kesi hii, na kulifumbua ni nusu ya hukumu. Ili kutoa betri, fundi hana budi kulegeza vibano viwili vinavyoshika vichwa vya betri, na akirudisha hana budi kuvikaza. Ili kutoa stata, hufungua waya mnene utokao kwenye betri, akaukwaruza na kuufunga tena. Kila fundi alipofungua na kufunga, kiungo kilichokuwa kimelegea au kufanya ukoko kiliguswa, kikasuguliwa, kikabanwa. Spana iliponya, na kipuri kikapewa sifa. Kisha mashimo ya barabara na mvua ya masika vikakilegeza na kukichafua kiungo kile kile, na maradhi yakarudi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakuliona gari hili, lakini walimjua mwenyewe.

Kwa sababu hiyo ugonjwa ujao na kuondoka ndio rafiki mkubwa wa mbahatishaji. Ugonjwa wa kudumu humuumbua papo hapo. Afungapo kipuri kisichohusika, gari hubaki kimya na aibu hubaki juu yake. Lakini ugonjwa wa vipindi humpa kila mganga zamu yake ya kusifiwa. Jambo hili twalijua pia katika miili yetu. Homa huja na kuondoka yenyewe, na kwa miaka mingi katika nchi zetu kila homa iliitwa malaria na kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Aliyepona alidhani dawa imemponya, hata kama ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba damu ipimwe kwanza, dawa itolewe baadaye. Kama mwili wa mtu wastahili kupimwa kabla ya kutibiwa, basi na mali ya mtu, ambayo ni jasho la mwili huo, yastahili heshima iyo hiyo.

Watu husema gari la namna hii lina shetani. Umeme hauna shetani wala ukaidi. Una sheria, na sheria yake kubwa yajulikana tangu mwaka 1827. Aliyeichapisha ni Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule katika mji wa Cologne, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli katika mji wa Erlangen, aliyejifundisha hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe. Mwana huyu wa fundi alipatwa na shida iliyo jamaa ya shida yetu. Betri alizozitumia katika majaribio yake ya kwanza hazikutulia. Nguvu zake zilipanda na kushuka, na vipimo vikavurugika. Hakusema kwamba umeme una kigeugeu. Alitafuta chanzo kingine. Mwaka 1826 alitumia maungo ya shaba na bismuthi, upande mmoja katika maji yachemkayo na upande wa pili katika barafu, yakampa umeme uliotulia, na ndipo sheria ikaonekana. Nyumbani kwake hakupokewa kwa shangwe. Lakini mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley.

Sheria yenyewe yaweza kuandikwa katika kiganja cha mkono: volti ni ampea mara omu. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo upitao, na omu ni ukinzani wa njia. Tuichukue sheria hii twende nayo chini ya boneti. Kiungo kilichofanya ukoko chaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.04 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja huvuta jumla ya ampea 9 hivi. Zidisha 9 kwa 0.04, upate volti 0.36. Hicho ndicho kiungo kinachonyang'anya, na taa zenye volti 12 hazipungukiwi na nuru ya kutambulika. Lakini stata ya gari dogo huhitaji ampea 150 au zaidi. Zidisha 150 kwa 0.04, upate volti 6. Kiungo hicho kidogo chadai nusu ya msukumo wote wa betri, na stata yabaki na njaa. Ndiyo maana taa zaweza kung'aa na honi kulia, na injini isizunguke. Basi mtu akikuambia, "Taa zinawaka, kwa hiyo nyaya za betri ni nzima," mwambie kwa adabu azidishe kwanza.

Baada ya sheria yafuata njia. Njia ya kupima si siri ya watu wachache. Yaweza kufuatwa na kila mwenye subira, nayo ina hatua 4.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Geuza ufunguo na usikie gari lajibu nini. Likijibu kwa milio mingi ya haraka, ta-ta-ta-ta, aghalabu msukumo ni dhaifu: betri imepungua au kiungo kikubwa kimechafuka. Likijibu kwa mlio mmoja mzito, amri ya ufunguo imefika kwenye swichi kubwa ya sumaku iliyo juu ya stata, ambayo mafundi huiita solenoidi, lakini mkondo mkubwa haukupita. Shuku viungo vinene, au vipande vya shaba vilivyoungua ndani ya swichi hiyo, au kaboni za stata zilizolika. Likinyamaza kabisa, yaelekea amri yenyewe haikufika. Shuku njia nyembamba itokayo kwenye ufunguo. Na injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike moto, basi stata haina hatia, na kosa litafutwe katika mafuta au cheche. Mwenye masikio amekwisha kuondoa robo tatu ya washukiwa kabla ya kushika spana.

Hatua ya pili ni kupima, tena kupima wakati ugonjwa upo. Hili la wakati ndilo kiini cha maneno yangu yote. Kiungo kichafu kikipimwa gari likiwa limetulia huonyesha volti 12 kamili, kwa kuwa hakuna mkondo wa kukifedhehesha. Hapana budi mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine atazame mita. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebakiwa na nusu. Chini ya 12 ina njaa. Stata ikizunguka, volti za betri zisishuke chini ya 9.6 hivi. Zikianguka mbali zaidi, betri ni mbovu au stata yavuta kupita kiasi. Lakini zikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, mkondo haupiti, na njia imezibika mahali. Weka basi ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe, na ncha ya pili juu ya kibano kilichokishika, mwenzako akigeuza ufunguo. Kati ya vyuma viwili vilivyogusana vizuri mita yapasa kuonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha volti 3 au 6, mwizi umemkamata akiwa na mali mkononi. Fanya vivyo hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa waya mnene uendao kwenye stata, kisha usisahau njia ya kurudi, yaani waya mweusi uunganishao betri na bodi na injini. Njia nzima ya kwenda isile zaidi ya volti 0.5 hivi, na ya kurudi ile chini ya hapo. Waya mweusi ndio usahauliwao kuliko wote, kana kwamba maji yaweza kupanda mlima bila kushuka bondeni.

Hatua ya tatu ni kutafuta kile kinachobadilika. Ugonjwa wa vipindi una majira yake. Daftari la mwanafunzi latosha: andika siku, saa, hali ya hewa, gari lilikuwa limetoka wapi, na lilijibu nini. Likikataa asubuhi za baridi ya Julai tu, tazama betri, kwa maana baridi huipunguzia nguvu. Likikataa baada ya safari ndefu na kukubali likipoa, tazama stata: shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii ya joto, na stata iliyo jirani ya bomba la moshi yaweza kuongeza digrii 50 na zaidi. Gari la gia za kujiendesha likikataa katika P na kukubali katika N, hatia ni ya swichi ya gia. Likikubali ufunguo ukitikiswa, hatia ni ya swichi ya ufunguo. Na likikataa kila mara linapokaa siku 3 bila kwenda, huenda kuna kitu kinachokula usiku. Kitu kinachovuta nusu ampea hula ampea-saa 12 kwa siku moja. Katika siku 3 kimekula 36 kutoka betri ya 45.

Hapa Eastlands tuna sababu yetu ya ziada. Magari yetu mengi yalikwisha kutumika ugenini kabla ya kufika. Sheria ya Kenya huruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Yafikapo hufungwa king'ora cha wizi, kifaa cha kufuatia gari, na swichi ya siri ya kukata umeme. Matatu za Buruburu na Umoja huongezewa taa za rangi, spika na televisheni. Kila pambo lina waya, na kila waya una kiungo, na viungo vingi vimesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe. Mara nyingi waya uliokatwa ili mwizi asiweze kuwasha gari ni ule ule umletao mwenye gari hasara.

Hatua ya nne ni kuthibitisha. Baada ya kutengeneza, pima tena pale pale. Kama kiungo kilikuwa kikila volti 6 na sasa chala 0.1, umetengeneza. Kama hesabu haikubadilika, hukutengeneza, hata gari likiwaka mara 20 mfululizo. Kuwaka kwa gari hili si ushahidi, maana lilikuwa likiwaka hata lilipokuwa gonjwa.

Yapasa sasa kuwasikiliza wapinzani, kwa kuwa hukumu ya upande mmoja ni dhuluma. Wa kwanza asema, "Fundi wa jua kali ni maskini, hana vyombo." Mita ya bei ndogo iuzwayo Luthuli Avenue haifikii bei ya stata moja kuukuu. Asiye nayo huweza kutumia balbu ya gari na vipande viwili vya waya, ambavyo humwonyesha kama amri ya ufunguo yafika kwenye swichi ya sumaku. Balbu hiyo isiaminiwe kwa waya mnene, kwa sababu tulizokwisha kuzidisha; lakini kwa waya mwembamba yafaa. Umaskini wa vyombo ni kweli. Umaskini wa kutouliza ni hiari.

Wa pili asema, "Fundi mzee hahitaji mita, hugonga stata kwa nyundo, na gari likawaka." Mzee huyo namheshimu, na nyundo yake ina maana. Kaboni zilizolika zikigongwa huweza kugusa tena kwa muda. Lakini angalia: mzee aligonga ili kuuliza swali, na gari likajibu. Hicho nacho ni kipimo. Mazoea ya mzee ni kumbukumbu ya vipimo vingi, na ndiyo maana hukisia vyema. Kijana amwigaye kwa kukisia bila kuwa na kumbukumbu hizo ameiba mvi bila kuishi miaka.

Wa tatu asema, "Siku hizi kompyuta ya gari husema yenyewe." Kifaa cha kusoma hitilafu ni shahidi mzuri wa mambo aliyoyaona. Kinaweza kusema kwamba volti zilishuka, au kwamba ufunguo haukutambuliwa. Ukoko ulio chini ya kibano hakiuoni. Anayekisoma na kukimbilia dukani amebadili jina la kubahatisha tu.

Wa nne ndiye mkweli kuliko wote. Asema, "Mteja hunilipa nikibadilisha kitu. Nikimwambia nimetafuta kwa saa 2, nikasafisha kibano na kukaza nati, hukasirika na kusema sikufanya kazi." Maneno haya ni mazito, na mshitakiwa anayetokea hapa si fundi. Sisi wenye magari twapenda kulipia kitu cha kushika mkononi. Twaona uchungu kulipia akili iliyotuepusha na gharama, na hatuoni uchungu kulipia chuma kisichotufaa. Basi fundi hujifunza kutoka kwetu; huacha kuuza maarifa na kuuza vyuma. Kijana aliye chini yake, anayekuja kujifunza kazi, hurithi mtindo huo akidhani ndio ufundi, naye atawafundisha wengine. Hivyo kazi yenyewe hupungua kimo kizazi baada ya kizazi, na mwisho hata mteja mwaminifu hatampata fundi wa kumlipa.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba nimeandika ili uwacheke watu wa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyosifu juhudi na ubunifu wa watu waliokuwa wakifanya kazi ndogondogo bila msaada wa serikali, na katika mwaka 1986 serikali ya Kenya yenyewe iliwataja wafanyakazi hao katika Waraka wake wa Kikao Nambari 1 kuwa tegemeo la ajira. Kutoka Kamukunji hadi Kariobangi wako mafundi wapimao kwa uangalifu wasio na hata cheti kimoja. Na karakana kubwa yenye sakafu ya vigae nayo huweza kubahatisha, tena kwa bei kubwa zaidi.

Isitoshe, tabia hii hukaa nasi shuleni. Mwanafunzi katika chumba cha sayansi huunga betri, waya na balbu. Balbu isipowaka hubadili balbu, kisha waya, kisha betri, akifurahi kitu kikiwaka bila kujua ni nini kilichoponya. Sisi walimu nasi tuna hatia yetu. Twaandika sheria ya Ohm ubaoni, twawakaririsha, twawapima kwa hesabu za mizunguko iliyochorwa kwa rula ambamo hakuna kiungo kilicholegea wala ukoko, kisha twastaajabu kijana aliyepata alama 90 asimamapo mbele ya gari la baba yake lililozimika na kusema, "Labda ni betri." Neno lile labda ni aibu yetu sote. Sheria aliyoipata mwalimu wa shule, mwana wa fundi, tumeifungia katika karatasi ya mtihani, ilhali nje ya ua wa shule wako watu wanaopoteza mishahara yao kwa kuikosa.

Ukitaka kujaribu haya, jaribu chini ya uangalizi wa mtu ajuaye, na ushike makatazo machache. Betri ijazwapo hutoa gesi iwezayo kulipuka. Weka moto na sigara mbali. Maji yake ni asidi. Vua pete na saa ya chuma. Ukitaka kufungua betri, anza na waya mweusi, na ukifunga umalize nao. Mita iwe katika volti. Mita iliyowekwa katika ampea na kushikizwa kati ya vichwa viwili vya betri huungua, na yaweza kukuunguza. Kabla mwenzako hajageuza ufunguo, gari lisiwe ndani ya gia, na nguo na mikono iwe mbali na feni na mikanda.

Mashitaka yangu yamekwisha, na hukumu ni yako. Kama wewe ni mwenye gari siku moja, kabla hujatoa fedha muulize fundi swali moja kwa heshima: "Fundi, umepima nini, na umepata ngapi?" Akikuonyesha hesabu, mlipe vizuri, hata kama alikaza nati moja tu, umenunua maarifa, nayo ni adimu kuliko stata. Akikosa jibu, shika mfuko wako. Na kama wewe ndiwe utakayekuwa fundi, usingoje kuulizwa. Andika hesabu ya kabla na hesabu ya baada katika karatasi, umpe mteja pamoja na gari lake. Mteja wa kwanza huenda akakushangaa. Wa kumi atakuwa ametumwa kwako na hao tisa.